Mkeka wa Dirishani

Agizo jipya lilitaka watoto wa darasa la kwanza wasimuliane hadithi kwa lugha za nyumbani, kwa hiyo Mwalimu Eliwaza akatandika mikeka, kila lugha na mkeka wake. Darasa likajaa kelele na vicheko. Kwenye mkeka wa dirishani alikaa Nyamizi peke yake. Katika mji ule hapakuwa na mwingine aliyeijua lugha yake tangu bibi yake azikwe.

Alitamka neno moja, akangoja. Akalitamka tena.

“Mbona huendelei, mwanangu?” mwalimu akamuuliza, akichuchumaa.

“Sijaitikiwa, mwalimu. Kwetu hadithi haianzi mpaka mtu aitikie. Bibi ndiye aliyekuwa akiniitikia.”

“Basi nifundishe, nitakuitikia mimi.”

Nyamizi akamfundisha. Mwalimu alikosea, akarudia, mpaka akapata. Akavua viatu, akaketi mkekani.

Mtoto akaita. Mwalimu akaitikia, tena vizuri kabisa.

“Haya, mama, nakusikiliza,” mwalimu akamwambia.

Nyamizi hakuanza. Alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, kisha akaita tena, safari hii kwa sauti ya juu, huku akiangalia mlangoni.