Mbu wa Nani?

Nevio Zoffoli alimwaga chupa nzima ya maji ya mtaro juu ya meza ya meya. Viluwiluwi vya mbu vikaanza kujinyonganyonga katikati ya karatasi.

"Haya, Mheshimiwa Loris," alisema. "Hesabu watoto wako."

Ukumbi wa manispaa ya San Biagio ulicheka, halafu ukanyamaza. Watu walikumbuka kwamba Nevio alikuwa amemzika mkewe mwezi uliopita. Iride alishikwa na homa, viungo vikamkunja, na moyo wake ambao siku zote ulikuwa dhaifu ukashindwa. Chikungunya. Neno la Kimakonde, lililofika mpaka bonde la mto Po, huko Italia. Mwanzoni watu walidhani ni aina ya tambi. Sasa hata watoto wa chekechea walilitamka vizuri, kwa sababu mbu wenye milia walikuwa kila bustani.

Meya Loris alifuta meza kwa leso, polepole, kama mtu aliyezoea kufuta mambo.

"Pole kwa msiba, Nevio. Lakini manispaa ilipuliza dawa..."

"Mlipuliza kwenye bustani ya hoteli! Mtaro wa nyuma ya nyumba yangu mliupulizia nini? Hotuba?"

"Mpe, Nevio, mpe!" alipaza sauti Oriano kinyozi kutoka nyuma.

Ndivyo walivyo watu wa manispaa. Ukiwaomba dawa ya mbu wanaunda kamati; mtu akifa, kamati inaleta maua. Shada walilomletea Iride lilikuwa kubwa kuliko yote pale makaburini, na Loris mwenyewe ndiye aliyelibeba. Nevio alilichukua akalitupa mtaroni.

Dilva, mke wa meya, aligeuka kwenye kiti chake cha mstari wa mbele. "Bwana wee, kaa chini. Uchungu ni uchungu, lakini adabu nayo ni adabu. Mume wangu hali, halali, tangu mkeo afariki."

"Atalalaje? Dhamiri inauma kuliko mbu."

Nevio hakutaka fidia. Alitaka kitu kimoja tu: wenye mamlaka waseme hadharani kwamba Iride aliuawa na mtaro wa Loris, na Loris atoke kwenye kile kiti. Ndiyo maana aliwapa ruhusa waichunguze damu ya marehemu. Leo Daktari Palmieri wa maabara ya mkoa alikuwa amekuja na majibu, naye meya alikuwa akihangaika tangu asubuhi ili yasisomwe.

"Mpelekee nyumbani kwake," Loris alimwambia tena daktari. "Haya ni mambo ya familia. Yana faragha yake."

"Faragha ya nani?" Nevio alifoka. "Mke wangu kafa watu wote wakiona. Soma hapa hapa, dada."

"Una uhakika, Bwana Zoffoli?"

"Soma!"

Daktari alisimama. "Kila kirusi kina maandishi yake, maelfu ya herufi. Kikitoka kwa mbu kikaingia kwa mtu, kikarudi kwa mbu mwingine, herufi moja mbili hukosewa, kama barua inayonakiliwa mara nyingi. Tukilinganisha makosa, tunajua nani kanakili kwa nani."

"Fupisha, daktari," alisema kinyozi. "Mbu wenyewe watazeeka."

"Wagonjwa wa hapa San Biagio wana kirusi chenye makosa yaleyale. Na mbu wa ule mtaro tumewakuta nacho."

Nevio alipiga ngumi mezani, viluwiluwi vilivyobaki vikaruka. "Mmesikia? Mmemsikia kwa masikio yenu?"

"Isipokuwa mkeo," daktari alisema.

Nevio aligeuka kumtazama daktari.

"Cha mkeo ni tofauti kabisa. Kinalingana, herufi kwa herufi, na cha mbu walionaswa pwani, Lido Tamerice. Mtego mmoja tu."

"Pwani?" Nevio alicheka kwa kebehi. "Iride hakukanyaga pwani miaka yote hii. Jua lilikuwa linambabua. Kila Jumatano alikuwa akienda kwa dada yake huko milimani, siku nyingine zote yuko nyumbani na mimi."

"Sasa unaona?" Dilva alisema. "Umemtukana mume wangu bure."

"Mbu huyo hafiki mbali," daktari aliendelea kwa upole. "Anaishi na kufa jirani na ndoo aliyozaliwa. Hawezi kuruka mpaka huku."

"Basi kaja na lori! Au huyu kakununua!" Nevio alimnyooshea Loris kidole. "Huo mtego ulikuwa kwa nani? Nani kaacha maji yakaoza? Huko nako kuna mwenye dhamana, naye nitamfuata mpaka kwake!"

Loris alikuwa ameshasimama, uso umemwishia damu. "Inatosha, daktari. Kikao kimefungwa."

"Hakijafungwa!" ukumbi mzima ukapiga kelele. "Asome! Asome!"

"Mnaona anavyotetemeka?" Nevio alisema. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, macho yake yaling'aa. "Kuna kitu anaficha huyu. Nimewaambia kila siku, mkaniita mwendawazimu. Soma, dada. Taja mtaa, taja na nyumba."

Daktari aliinamia karatasi yake.

"Mtaa wa Magnolia, nyumba ya mwisho. Ina mtini na madirisha ya kijani."

Dilva aliinuka kutoka kwenye kiti chake.

"Loris," alisema, "si uliniambia nyumba ya mama yako kule pwani umeifunga tangu tumzike?"