Kidole cha Dobi

"Lete kidole, mama." Askari alikikandamiza kidole gumba cha dobi kwenye simu kwa mara ya nne.

Simu ilikataa. Miaka ishirini ya sabuni na pasi ilikuwa imekilainisha kidole kile kama mgongo wa kijiko.

"Hiki kidole au mshumaa?"

"Hata mimi kinanikera, mwanangu."

Ndani ya simu mlikuwa na majina ya madobi wenzake kumi na wawili, walioona mkuu wa kituo hiki akimpiga mwenzao. Mlikuwa pia na sauti ya marehemu mumewe akimwombea dua. Haikubaki pengine popote. Kila siku alimsihi binti yake ainakili, na kila siku aliambiwa, "Kesho, mama."

Binti huyo huyo ndiye aliyeifunga simu kwa namba ya siri. "Bila namba, hata fundi wa polisi hatasoma kitu. Ila ikikosewa mara kumi, inajifuta yote."

Askari alikwisha kubahatisha namba mara tisa. Sasa aliisukuma simu mezani kwa hasira. "Ingiza mwenyewe! Ukikataa, tunamfuata binti yako."

Kesho, mama. Kesho, mama. Dobi alisonya.

Akaipangusa simu kwa upindo wa gauni, taratibu, kama anayempangusa mtu uso. Namba aliijua kama jina lake; haikuwa na moja hata moja.

"Nisamehe, baba watoto," alinong'ona.

Akabonyeza moja, mara sita.