Mikono ya Bimkubwa

Mzee Machano alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo saa nane mchana, na bintiye Bimkubwa, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa nchi ya mbali. Wao huongea kwa ishara, kwenye simu ya video. Lakini mtandao wa hospitali ulikuwa unakwamakwama, na kila ulipokwama mikono ya binti iliganda hewani katikati ya neno.

"Sijui ananiambia nini," mzee alimwambia Salha, fundi wa mtandao aliyeitwa na muuguzi.

Salha alifungua kompyuta yake pembeni mwa kitanda. Programu ya ulinzi ilikuwa inasimamisha kila pakiti ya data na kuikagua upya, hata zile za mazungumzo yaleyale. Akaandika kanuni fupi: simu ikishakaguliwa mwanzoni na kuonekana salama, pakiti zake zinazofuata zipite moja kwa moja. Aliisoma mara mbili, maana programu hiyo ililinda mafaili ya wagonjwa wote, kisha akaiwasha.

"Mpigie tena, baba."

Bimkubwa akatokea. Mikono yake ikaanza kwenda, haraka, bila kukatika. Mzee alicheka, halafu akafuta macho.

"Anasemaje?" Salha aliuliza.

"Ananigombeza. Anasema nimekonda."

Wahudumu wa chumba cha upasuaji wakafika na kitanda cha magurudumu. Mzee aliinua mkono wenye sindano ya dripu kuwaomba wasubiri, kisha akaanza kumjibu mwanawe kwa ishara.