Wasia Ndani ya Simu

Adan alikibonyeza kidole gumba cha marehemu babake kwenye simu kwa mara ya tatu, na simu ikakataa. Waosha maiti walikuwa wakingoja mlangoni.

"Hata leo mzee ananinyima, Mama! Wasia wa ngamia umo humu, kwa sauti yake. Akishazikwa, basi tena."

Mamake, Hawo, alikitazama kidole kile. Miaka hamsini ya kuvuta kamba za visima vya Kulamawe ilikuwa imekilainisha kama mgongo wa kijiko, kikawa hakina hata mstari mmoja. Ndiyo maana, simu iliponunuliwa, ilisajiliwa kwa kidole chake yeye Hawo.

Wasia alikwisha kuusikiliza. Jina la Adan halimo.

"Waache wamwoshe," alisema, akiificha mikono ndani ya shali.