Hapo Hamna Kitu

Mama mmoja aliweka kidole juu ya ramani yangu na akakataa kukiondoa.

Tulikuwa kwenye mkutano wa wananchi, nikiwaeleza barabara kuu mpya itapita wapi. Kidole chake, chenye ukucha uliopasuka, kilikuwa katikati kabisa ya mstari mwekundu.

“Hapa nilimzika mwanangu,” alisema. “Nyinyi mmeandika pori.”

“Tulikagua, mama. Hatukuona kaburi.”

“Ulishuka garini, baba?”

Siku ya ukaguzi mvua ilinyesha kama imetumwa. Nilichungulia dirishani, nikaona majani, nikaandika “pori”, kisha nikamwambia dereva ageuze.

Leo ramani iko mezani kwangu, ofisini. Mkuu wangu amesimama mlangoni, anachezea funguo.

“Imebaki sahihi yako tu, bwana. Tukiusogeza mstari sasa, kazi ya miaka mitatu inaanza upya.”

Namwambia anisubiri kidogo. Kidole cha yule mama kimeacha alama ya udongo palepale juu ya mstari. Nimeifuta kwa kitambaa, nikaifuta kwa kifutio, mpaka karatasi imeanza kuchakaa. Haitoki.

Mkuu anasogea, anainama juu ya bega langu.

“Unahangaika na nini? Hapo hamna kitu.”

Nakibandika kidole changu juu ya alama. Pamelowa, pana baridi.

Nakiinua. Kina udongo mbichi, hadi ndani ya ukucha.