Mwamizi

Katika mji ule, mtu anayelinda mpunga usiliwe na ndege huitwa mwamizi, na akishapanda dungu lake hashuki mpaka ndege waende kulala. Machano alikuwa juu, kombeo mkononi, lakini macho yalikuwa ng'ambo ya bonde, nyumbani kwake, ambako binti yake alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri.

"Machano, kulia kwako!" Shaibu alimwita kutoka dungu la jirani. "Umekuwa sanamu la kutishia ndege?"

Akazungusha kombeo. Ndege wakainuka kama vumbi, wakatua mbele kidogo.

"Wanatoa kitanda nje," alisema.

Shaibu alitazama, akaacha utani. "Nenda, ndugu yangu. Nitalinda pande zote mbili."

"Kwa mkono upi?"

Mpunga wa kaya arobaini ulikuwa umeiva, na wingu jingine la ndege lilikuwa likiteremka.

Kule ng'ambo wanaume wanne waliinua kitanda mabegani, wakashika njia ya hospitali. Mkewe aliwafuata mbio, kisha akasimama, akageukia bonde na kupunga kanga. Machano hakujua kama anamwita au anamwambia abaki. Akatia jiwe kwenye kombeo.