Alama ya Chaki

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi ilikuwa ya jua kali, mbingu kavu bila wingu hata moja.

Hata hivyo, kipaza sauti cha kaunti kilikuwa kikizunguka mtaani tangu saa mbili, kikisema kwamba mvua imenyesha huko milimani na mto utafurika kabla ya saa nne. Kila mtu atoke. Lori linakuja.

Mwokoaji wa koti la njano alifika kwenye mlango wa fundi cherehani akiwa na chaki mkononi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: watu wakishatoka wote, anachora alama mlangoni, kisha wanakwenda nyumba inayofuata. Dakika tatu kila nyumba.

Alikuwa ameshaanza kuchora. Fundi akaifuta ile alama kwa kiganja.

"Bado hatujatoka wote," akasema. "Mume wangu yuko kitandani."

Mwokoaji akachungulia. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa huku palikuwa na cherehani, magauni ya wateja, na mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua, uliobaki tangu mafuriko ya mwaka jana. Upande wa kule kilionekana kitanda, na blanketi lililovimba katikati, na miguu ya suruali ikichungulia kwa chini.

Juu ya lori majirani walikuwa wakitaniana kama watu wanaokwenda harusini. Waliposikia habari za mume, wakatazamana. Jirani wa mlango wa pili alifungua kinywa aseme kitu; dada yake akamfinya.

Mwokoaji akauliza kama mgonjwa anaweza kutembea. Fundi akamjibu kwamba kama angeweza kutembea, angekuja mlangoni kujibu mwenyewe.

Ndipo akaja afisa wa maafa, faili kwapani, macho kwenye saa. Kabla ya adhuhuri alitakiwa aripoti ofisini kwamba mtaa wote umetoka, na zilikuwa zimebaki nyumba kumi na nne. Akaongea kwa upole.

"Mama, wewe panda kwanza. Mzee atafuatwa na gari la wagonjwa."

"Liko wapi?"

Afisa akageuka akaitazama barabara, kana kwamba lingetokea kwa kutazamwa. "Lipo kwenye mpango."

"Basi na mimi niandike kwenye mpango kwamba nimepanda."

Kicheko kimoja kikapasuka juu ya lori, kikazimika. Fundi akavuta kigoda, akaketi mlangoni. Alfajiri alikuwa amepiga magoti akaomba jambo moja tu, yeye mwenyewe asiinuke mlangoni hapo kabla ya wakati.

Afisa akamweleza kwamba anahatarisha watu thelathini kwa ajili ya mtu mmoja. Fundi akasema hakuwazuia, waende. Dereva akawasha injini. Jirani wa mlango wa pili akagonga paa la lori mara mbili kwa ngumi, na dereva akazima.

"Haya, mtoeni," afisa akawaambia waokoaji. Upole ulikuwa umemwisha.

"Taratibu," fundi akasema, akiwapisha. "Kilo sabini na mbili. Kadi yake ya kliniki ninayo."

Machela haikuwepo. Waokoaji wawili wakambeba ndani ya blanketi, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakafika kwenye lori wakihema. Bodi ya lori ilikuwa juu, usawa wa mabega yao, na ngazi hakuna. Wakajaribu kuinua, wakashindwa. Wakajaribu tena, wakashindwa. Hakuna aliyecheka sasa. Afisa mwenyewe akaweka faili chini, akashika katikati.

Mara ya tatu blanketi likateleza. Mkono wa shati ukanasa kwenye komeo la bodi, ukachanika, na mchanga ukamwagika juu ya viatu vya afisa.

Wakamwachia. Alianguka chali, kichwa cha gunia, shati limefungwa vifungo vyote, mikono na miguu imeshonwa kwa uzi maradufu.

Afisa akapangusa viatu.

"Mama, unajua kabisa leo ni zoezi tu. Umeharibu zoezi la kaunti nzima kwa ajili ya mchanga?"

"Mchanga huu niliuzoa kitandani kwake, maji ya mafuriko yalipopungua," fundi akasema. "Siku ile pia mliniambia nipande kwanza. Nikapanda. Niligeuka nikawaona mkichora mlango."

Akainama, akaukunja ule mkono wa shati uliochanika ili mchanga usiendelee kumwagika. Kisha akaichukua chaki kutoka mkononi mwa mwokoaji, akasimama mahali ambapo lori zima lingemsikia.

"Majirani, mko hapa, mnisikie. Leo nitamshona tena. Kila wakija na zoezi lao watamkuta kitandani, kilo zilezile, mpaka siku watakapoweza kumpandisha. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: mlango huu hautachorwa tena mtu akiwa ndani."